Mechi Iliyoliwa na Bamvua

Jamani, nikisimulia haya huwa nafunika uso kwa kiganja, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia Mejumaa, kipa wangu, ambaye kila akisimulia anaongeza maji, na mara ya mwisho niliambiwa yamenifika shingoni. Hayakunifika shingoni. Yalinifika kiunoni, na nilikuwa nimevaa suti.

Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa Diani, na pia ni kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo (kazi hii ya pili niliipata kwa sababu katika kikao cha walimu nilitoka kidogo kwenda msalani, na niliporudi nikakuta napigiwa makofi). Kwetu ni Mkongani, kwenye mahindi na mihogo na mbuzi, na bahari kwangu ilikuwa kitu cha kutazamwa siku ya Idi, naitazama, nakunywa soda yangu, narudi nyumbani. Likumbukeni hilo la Mkongani, maana ndiko balaa lilikoanzia.

Sasa timu yetu ilikuwa inafungwa, na kufungwa kwenyewe kulikuwa ndiyo kawaida yake, na kila tukifungwa mkuu wa chuo, Bi Zainabu, ananiita ofisini kuniuliza kulikoni, nami sikosi jibu hata siku moja. Mara upepo ulikuwa mkali, mara refa ana shemeji yake upande wa pili, mara nyasi za uwanja wetu ni ndefu (na kweli ni ndefu, mbuzi wanazipenda), mara wasichana walikula ubwabwa mwingi, na siku moja, Mungu anisamehe, nililaumu rangi ya jezi. Mwisho Bi Zainabu akavua miwani akaiweka mezani.

"Mwalimu Mwero," akasema, "upepo nimeusikia, nyasi nimezisikia, ubwabwa nimeusikia. Mtu sijamsikia bado. Jumamosi mna mechi ya mwisho na wale wageni wa kutoka Taita. Mkifungwa tena, magongo yanarudi stoo na timu inakwisha."

Niliumia, wallahi, na si kwa ajili yangu. Nahodha wetu Mwanasha, mzaliwa wa Tiwi, hakuwa na jambo lingine alipendalo pale chuoni zaidi ya gongo lake, na Mejumaa alimbembeleza mama yake muhula mzima aruhusiwe kucheza, hadi mama alipokuja kumwona na zile pedi kubwa za sponji miguuni, akacheka mpaka akakaa chini, na ruhusa akaitoa akiwa bado anafuta machozi. Wasichana hawa niwaambie nini, kwamba timu imekufa?

Basi nikapata wazo. Jumamosi iliyotangulia, wiki moja kabla ya mechi, nilikuwa nimepita ufukweni baada ya swala ya adhuhuri nikauona mchanga mtupu, mgumu, umelala sawasawa, hauna nyasi wala mbuzi. Nikasema moyoni, kumbe Mungu ametuwekea uwanja hapa nasi tunahangaika! Nikaenda kuomba ruhusa, nikapewa, nikapanga mechi ichezwe pale Jumamosi inayofuata, saa ile ile. Nilipowatangazia wasichana, Mwanasha akainua mkono.

"Kocha, samahani, lakini Jumamosi hiyo ni bam..."

"Hakuna visingizio!" nikamkata. Mimi! Mtu niliyelaumu jezi!

"Sawa, kocha," akasema, akashusha mkono.

Kwa yeyote asiyejua kama nilivyokuwa sijui mimi: alichotaka kusema ni bamvua. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari hupwa mbali sana asubuhi halafu mchana hurudi kudai kila kitu ilichokiacha, na saa za maji kujaa hazikai mahali pamoja, husogea kila siku, kwa hiyo mchanga uliouona wiki iliyopita mchana, wiki hii mchana huo huo ni kilindi. Mtoto wa Tiwi hulijua hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mkongani hatuna somo hilo.

Siku yenyewe tulifika asubuhi, na bahari ilikuwa imekwenda mbali huko, nikafurahi hata nikawasogeza chini zaidi, kwenye mchanga mgumu kabisa, nikachora mistari kwa chokaa, nikasimika magoli. (Mwanasha alinitazama tu. Nikamwuliza, "Unaona uwanja huo?" Akajibu, "Naona, kocha," kwa upole wa mtu anayetoa pole msibani.) Kisha nikaamua, kwa akili zangu timamu, kwamba hema la wageni likae upande wa bahari ili Bi Zainabu apate upepo. Viti vikapangwa huko, meza ikawekwa huko, na sufuria la pilau likawekwa huko huko, nami nikavaa suti niliyoolea.

Mechi ilichelewa kwa sababu ya hotuba. Bi Zainabu alihutubu, mgeni rasmi akahutubu, dua ikasomwa ndefu na nzuri, nami nikaitika amina bila kujua ninaitikia nini. Lakini ilipoanza, loo, walicheza! Mpira ulikuwa unateleza juu ya ule mchanga na wasichana wangu wanaufuata kwa raha, na kabla ya mapumziko Mwanasha akawapita mabeki wawili akafunga, nikaruka nikamkumbatia mwalimu wa hesabu ambaye tulikuwa hatusemezani. Wakati wa mapumziko nikawaambia wachezaji wangu, na maneno haya wananirudishia mpaka leo, "Leo hakuna upepo, hakuna nyasi, hakuna cha kulaumu!"

Kipindi cha pili kilipoanza nikamwona Bi Zainabu ameinua miguu. Nikadhani amechoka kukaa. Kisha mgeni rasmi naye akainua yake, halafu safu nzima ya mbele ikawa imekaa na miguu juu, na refa akanitazama. Pale ndipo ningeweza kujiokoa. Mtu mwingine angesema, jamani tusimame, tuhame. Mimi nilikuwa naongoza bao moja bila, nikapaza sauti, "Ni wimbi moja tu hilo, linarudi!"

Lilirudi, ndiyo, na wenzake. Mistari yangu ya chokaa ikafutika, viti vitupu vikaanza kutembea vyenyewe kuelekea barabarani, na sufuria la pilau, ambalo lilikuwa na mfuniko na limekaa vizuri, likang'oka na kuondoka kwa heshima zake zote, nyuma yake walimu wawili wamekunja suruali wanaliita. Wageni wa Taita, ambao baadhi yao ilikuwa ndiyo mara yao ya kwanza kuiona bahari, wakatupa magongo wakaanza kurushiana maji kwa vifijo, kocha wao anapuliza filimbi wala hapana anayegeuka. Na sikuwa najua, naapa, kwamba mpira wa magongo unaelea. Ulielea. Ukapanda wimbi dogo, ukaenda taratibu kabisa, hakuna aliyeugusa, ukaingia golini kwetu.

"Bao!" akalia kocha wa Taita.

"Bao la nani?" nikalia mimi. "Limefungwa na nani? Na mstari uko wapi?"

"Mstari uko wapi nakuuliza wewe, mwalimu," refa akanijibu, maji yamempita magoti.

Nikageuka kumwuliza kipa wangu, na kipa sikumwona. Nikaona pedi mbili tu zinaelea. Nilikimbia ndani ya maji na suti yangu, naita "Mejumaa! Mejumaa!" nikakanyaga shimo ambalo sijui lilitoka wapi, nikakaa kitako, maji kiunoni, na pale nilipokaa ndipo nikamwona Mejumaa amelala chali juu ya maji, miguu imeelea kwa zile pedi za sponji, anacheka hata hawezi kusimama.

"Kocha," akasema, "unatafuta nini huko chini?"

Tulipofika nchi kavu sote, Bi Zainabu alikuwa amesimama, viatu mkononi, pindo la buibui linachuruzika, na nyuma yake chuo kizima.

"Mwalimu Mwero. Ni nani aliyechagua mahali hapa, na saa hii?"

Kinywa kilifunguka chenyewe, kama kilivyozoea. Mwezi ulikuwa tayari ulimini, nakwambieni ukweli, nilikuwa naenda kuulaumu mwezi. Kisha nikawaona wasichana wangu wamejipanga, wamelowa, wanatetemeka kwa baridi na kicheko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama Bi Zainabu, wote walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri kusikia leo ni zamu ya nani. Nikamtazama Mwanasha, ambaye siku ile aliinua mkono nikamkata.

"Mimi," nikasema. "Mwanasha alitaka kuniambia nikamnyamazisha. Hawa wamecheza vizuri. Kosa ni langu lote."

Basi wakapiga vigelegele! Bao la Mwanasha halikupigiwa vile. Mejumaa akanirukia na pedi zake zinazovuja maji, na Bi Zainabu, aliyekuwa anajitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka hata kiatu kimoja kikamwanguka.

"Haya," akasema, "mtu nimemsikia. Timu ibaki. Wewe nenda ukalitafute sufuria langu."

Mechi ilirudiwa kule Taita, mbali na maji yoyote, na tukafungwa mabao matatu. Kwenye gari nikaanza, "Niliwapanga vibaya pale nyuma," lakini Mejumaa akanikata, "La, kocha, lile la kwanza ni langu, nililiona kabisa," na beki mmoja akasema la pili ni lake, na Mwanasha akadai la tatu, tukabishana hivyo mpaka Diani, kila mmoja analing'ang'ania kosa lake, na sijapata kufurahi hivyo katika kufungwa kote nilikofungwa.

Suti haikupona. Nami nimeapa, ufukweni sipangi tena mechi, hata ya watoto, na mtu wangu akiinua mkono namsikiliza mpaka mwisho hata kama anachosema ni habari ya ubwabwa. Mwanasha siku hizi mkono hauinui. Kila nikitangaza mechi, popote pale, hata Kwale mjini huko juu mlimani, anasimama na kusema kwa adabu zake zote, "Kocha, nimeshaangalia maji," na mimi namjibu, "Ahsante, nahodha," na kuandika saa anayonipa yeye.