Nilichinja ndafu ya uraia wa Ulaya, nusura nikose kihamba cha baba Mwika

Wakuu, salamu kutoka Rau, Moshi. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na jukwaa hili sitaongeza chumvi. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nimeanza na ahadi hiyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni kitindamimba wa mzee mmoja wa Mwika, mkulima wa kahawa na migomba, Mlutheri wa benchi la mbele. Niliondoka nyumbani na begi moja, nikaenda nchi fulani ya Ulaya. Jina silitaji, Wabongo wa kule tunajuana.

Nimekaa huko miaka kumi na minne. Nimefagia maghala, nimeendesha foklifti, nimesoma kwa lugha yao mpaka nikapata Diploma ya Logistics. Cheti kiko kwenye fremu sebuleni, ukiingia tu kinakutazama. Mwaka juzi nimerudi moja kwa moja, nikajenga Rau kwa jasho langu. Hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono.

Mke wangu Happiness na watoto wetu wawili bado wako kule mpaka watoto wamalize shule. Mtamhitaji huyu mke baadaye, msimsahau.

Sasa twende kwenye kosa.

Desemba moja, kabla sijarudi kabisa, nilikuja likizo. Mnajua Mchagga na Desemba, mnatutania kila mwaka. Uwanja wa nyumbani umejaa magari ya vijana wa Dar, kila mtu anazungusha funguo kidoleni. Mimi nimeshuka kwenye teksi.

Lakini mfukoni nilikuwa na kava ya pasipoti. Ngozi safi, rangi ya damu ya mzee, nembo ya nchi ile imechapwa kwa dhahabu. Niliinunua uwanja wa ndege wa kule kwa nia njema kabisa, ili pasipoti yangu isipinde pembe. Ndani ilikuwa pasipoti ya Tanzania, ile ile mliyo nayo ninyi.

Nikaiweka mezani kidogo, natafuta leso.

Baba mdogo Ndesario, mdogo wake baba, akaiona. "Hii ni ya wapi?"

"Ya kule," nikajibu. Na kava ilikuwa ya kule kweli.

"Kwa hiyo umeshakuwa raia wao?"

Wakuu, mezani kulikuwa na watu kama ishirini na wote waliacha kutafuna. Hata waliokuwa wanazungusha funguo waliacha kuzungusha. Ningesema nini?

Nikasema, "Ndiyo, baba mdogo."

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kibali cha kuishi tu. Happiness na watoto ndio waliopata uraia wa kule. Kwangu mimi kulikuwa na changamoto, tutaifikia.

Mwenye busara angeishia hapo. Mimi kesho yake niliacha koti kwenye kiti cha mzee, nikavuka Moshi nzima mpaka soko la Kwa Sadala kutafuta beberu wa maana. Nikachoma ndafu. Mbuzi mzima amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, kama harusini. Nikakata vipande nikawalisha wazee kwa mkono wangu, mmoja mmoja, huku nikitoa hotuba kuhusu uraia mpya na mtu kujitengeneza mwenyewe.

Nilipomlisha mzee wangu, alicheka mpaka akapaliwa. Nikajua ni furaha ya mzazi.

Miaka ikapita. Mwaka huu mzee akafariki. Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba, karibu na kahawa zake.

Kwa wasio wa huku, kihamba ni shamba la nyumbani la ukoo, penye nyumba, migomba na makaburi yetu. Kwa desturi yetu kaka wakubwa hupewa vyao wakioa, na kitindamimba hubaki na nyumba ya baba na kihamba chake. Kaka yangu Aminieli alishapewa chake zamani, kinapakana na cha mzee, katikati kuna mstari wa masale, mmea wetu wa mipaka. Kwa hiyo kwenye kikao cha ukoo nilikaa nimekunja nne, nasubiri jina langu lisomwe.

Mwandishi alikuwa baba mdogo Ndesario. Huyu mzee alikuwa karani wa chama cha kahawa maisha yake yote, hakosei koma. Muhtasari ule ulikuwa uende mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Akasoma:

"Nyumba na kihamba cha marehemu: Aminieli."

Nikasema, "Baba mdogo, umeruka mstari."

"Sijaruka. Wewe ni raia wa kigeni. Raia wa kigeni hamiliki ardhi ya nchi hii. Nikipeleka jina lako, hakimu atatufukuza."

Shangazi akadakia, "Mbe, tungekupa hata ng'ombe, lakini sijui kama na ng'ombe mnaruhusiwa."

Nikasimama. "Mimi ni Mtanzania!"

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe! Mnadhani nimejengaje Rau?"

"Tulijua umeandikisha kwa jina la mtu mwingine."

Nikatoa kitambulisho cha taifa. Baba mdogo akakitazama pande zote mbili, akanirudishia. "Hiki ulikipata kabla ya uraia wao. Ndafu ile ilikuwa ya nini? Ulinilisha kwa mkono wako."

"Ilikuwa ya shukrani."

"Ya kumshukuru Mungu kwa lipi?"

Aminieli, ambaye muda wote alikuwa ameinama, akainua kichwa. "Mangi, mimi nilikula paja zima kwa ajili ya Ulaya yako. Sasa paja hilo nilirudishe vipi?"

Watu wakaangua kicheko. Msibani, wakuu. Msibani kwa baba yangu.

Nikaona isiwe tabu, nikachomoa pasipoti. Nembo ya dhahabu ikang'aa, watu wakapiga kelele, "Si hiyo hapo!"

"Ivue koti," akasema Aminieli.

Nikavuta kava. Haitoki. Ngozi ilikuwa imegandana na pasipoti kwa joto la miaka yote ile mfukoni. Nikavuta tena, nikatumia meno. Mwishowe nikaifungua tu nikamwonyesha baba mdogo ukurasa wenye picha na maneno ya Jamhuri ya Muungano.

Akavua miwani, akavaa, akavua. "Siku hizi watu wanachapa chochote."

Shangazi akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi, "Na ile diploma, nayo ina kava?"

Hapo niliumia. Kihamba kinaweza kwenda, lakini diploma nimeisotea.

Ndipo baba mdogo akatoa uamuzi. Nyumba ile mzee ameijenga, kaburi lake liko pale, hataki kumwonea mtu. Apigiwe Happiness. "Mkeo huwa hasemi uongo. Akisema ni Mtanzania, naandika. Akisema vingine, nafunga daftari na watu wanatia sahihi."

Simu ikawekwa spika juu ya kopo la sukari.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Poleni na baridi. Mumeo ni raia wa huko au wa hapa?"

Nilikuwa namkonyeza, nikasahau kwamba simu ya sauti haina macho.

"Baba Neema," akaita, "niseme ukweli?"

"Sema, mke wangu."

"Wote?"

"Wa uraia tu!"

Akashusha pumzi. "Si raia wa huku, baba mdogo. Alifanya mtihani wa uraia mara mbili akafeli zote. Mara ya kwanza zile habari za historia yao zilimshinda. Mara ya pili aligombana na msimamizi, akamwambia mwenye diploma hapaswi kuulizwa maswali ya watoto. Wakamtoa nje."

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Shangazi alienda kushikilia mgomba.

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Mke amethibitisha kuwa mrithi alifeli uraia wa kigeni mara mbili, hivyo ni Mtanzania kamili. Kihamba ni chake."

Nikamwomba aondoe neno "alifeli".

"Ushahidi wenyewe ndio huo," akasema.

Kwa hiyo neno lipo, wakuu. Limegongwa mhuri wa kijiji, limesomwa na hakimu mbele ya watu.

Lakini kuna deni moja lilibaki, na si la fedha. Siku ya msiba nilimwambia Aminieli mbele ya wageni kwamba angekuwa na akili kama yangu asingezeeka anakamua ng'ombe. Nilimwambia hivyo mtu aliyemwogesha baba yetu miezi yote ya kuugua, mimi nikiwa Rau naongea habari za Ulaya.

Asubuhi iliyofuata kikao nilichuma jani la isale pale mpakani, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa. Ukimpelekea mtu isale unaomba msamaha, na kwetu hakuna anayelikataa. Nilimkuta bandani anakamua.

"Shikamoo kaka."

Akalipokea bila neno, akalichomeka kwenye paa la banda. Kisha akasema, bado anakamua, "Mzee alijua."

"Alijua nini?"

"Siku ile umekwenda Kwa Sadala, koti lilikuwa kitini kwake. Aliifungua hiyo pasipoti, akaniita nije nimsomee. Tulicheka sana."

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema mbuzi ameshanunuliwa, mwache kijana afurahi. Akanikataza nisikuambie. Alisema siku ukikitaka kihamba utaivua hiyo kava mwenyewe."

"Na baba mdogo?"

"Yule hakujua. Yule alikuwa anakuandika raia wa kigeni kwelikweli."

Nikachuchumaa pale, nikamshikia ndoo. Wanaonijua wanajua kazi hiyo siifanyi.

Aminieli akaniomba kitu kimoja tu, ile kava. Tuliitoa kwa mafuta ya kukamulia, ikateleza kama haikuwahi kugandana. Leo anawekea kadi ya chanjo ya ng'ombe wake. Daktari wa mifugo akija, kaka anaichomoa polepole, anaiweka juu ya ndoo, anajifanya anatafuta leso.

Somo langu, wakuu. Mambo ya pasipoti yako usiyatangazie ukoo wakati unalisha watu nyama, kwa sababu watu husahau hotuba ila hawasahau nyama. Karatasi zako ziweke sawa mzazi akiwa hai. Na kama mwenzako yuko nje, hakikisha anajua ulichowaambia watu wa nyumbani.

Bado nina swali la dhati. Wanangu ni raia wa kule, na siku nikifa watarudi kwenye swali lile lile la baba mdogo. Neema ameshaniuliza kama atazikwa karibu na babu. Wenye watoto wa hali hiyo, ninyi mmepanga vipi? Na mwanasheria akiwepo humu, atuelekeze sheria ya sasa inasemaje.

Wale wa kutania nimewazoea, karibuni pia. Ila mtakaouliza habari za diploma, njooni Rau muione. Haina kava, ina fremu.