Wakaguzi wa Gemu ya Tangini

Nimelala katika miji mingi tangu nilipoondoka Kibaha, na kila nikipita kibanda cha gemu huangalia nani analipa na nani anakagua. Neno hilo, kukagua, nilijifunza Tangini, pale pale Kibaha, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, kwenye baraza ya mama mmoja fundi cherehani.

Mkanda wa cherehani yake ulikuwa umekatika. Miaka ile ya uhaba haukuwapo madukani, kama sabuni, kama kila kitu. Ulipatikana kwa walanguzi tu. Kaka yake, baharia, alikuwa amemletea gemu ya mkononi: kioo kama cha saa, ndani mtu mdogo anadaka matunda yanayoanguka. Mama fundi akatangaza: shilingi moja, mchezo mmoja. Betri zake zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati, na zikiisha, basi. Aliomba tu zisiishe kabla hajapata bei ya mkanda.

Wa kwanza kuja alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama na mshika orodha ya mgao wa sukari.

"Kitu cha kigeni hiki, ndugu. Lazima nikikague."

Alikikagua mpaka adhuhuri, ulimi nje.

"Kiko salama, balozi?" mama fundi aliuliza.

"Bado. Huyu mtu ana kasi ya kutia shaka."

Kesho yake alirudi kukagua kasi.

Tangu hapo hakuna aliyelipa. Mgambo alikagua kwa niaba ya ulinzi. Mwalimu alikagua kama kinafaa kwa elimu ya kujitegemea. Baada ya siku tatu akagundua hakifai, akaomba siku ya nne ahakikishe. Mzee wa kanisa alitafuta kamari ndani yake. Mimi nilidai natafsiri Kiingereza kilichoandikwa nyuma. Yalikuwa maneno matatu. Nilitafsiri wiki nzima.

"Nyie watu," mama fundi alisema, "mngekagua shamba la kijiji hivi, tungekula mpaka tuvimbiwe."

Tukacheka, tukaendelea kupokezana.

Kioo kilizimika mikononi mwa balozi, matunda yakiwa bado hewani. Akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, uso ukamng'aa.

"Si vifungo hivi? Na wewe si fundi? Vibadilishe!"

Mama fundi aliitazama cherehani yake. Kisha akakitazama kiuno cha balozi.

"Balozi, huo mkanda wako ni ngozi?"

"Ngozi halisi, mama. Wa ng'ambo."

"Wa kigeni! Basi lete niukague."

Baraza ilijaa, na wote tulikuwa tumekagua. Nani angethubutu kusema neno lile halina maana? Balozi akaufungua taratibu. Mama fundi akaupasua kwa mkasi urefu wote, akaviunga vipande viwili kwa uzi, akauvisha kwenye gurudumu, akakanyaga. Cherehani ikalia.

"Uko salama?" balozi aliuliza, ameshika suruali kwa mikono miwili.

"Bado," alisema mama fundi, bila kuinua macho. "Rudi kesho."