Kuku wa Kibaski Chumbani kwa Baba Mkwe

Asubuhi ile ya Julai nilifungua banda nikakuta kuku hawapo. Waya wa mlango ulikuwa umezungushwa vizuri kwa nje. Ndani, maranda yalikuwa makavu, hapakuwa na unyoya wala tone la damu, kwa hiyo si kicheche aliyeingia. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na vidole vyangu vilikufa ganzi, lakini nilibaki nimesimama nikizitazama fito tupu walizokuwa wakilalia, kama vile nikitazama sana wangerudi.

Niliwaza mwizi. Tena mwizi aliyejua anachochukua, maana kuku wale hawakuwa wa kawaida. Mtawa mmoja muuguzi, aliyefanya kazi zahanati yetu hapa Ibaba, ndiye aliyenipa mbegu. Yeye ni Mbaski, kwao ni milimani, mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Alipotoka likizo alileta mayai ameyaviringisha ndani ya soksi za sufu, nikayaatamisha kwa kuku wangu wa kienyeji. Aliniambia kuku wa kwao hao walikaribia kutoweka kabisa, wakaokolewa na wakulima wachache waliokuwa na ubishi. Vifaranga walioanguliwa wakakua wakubwa, wapole, rangi ya udongo mwekundu wenye madoa ya dhahabu, mkia mweusi, miguu ya njano, na kilemba kikubwa chekundu kichwani.

Kilemba hicho ndicho kilichonitesa. Kipupwe cha huku juu kinauma, na ncha za kilemba cha jogoo zilianza kuwa nyeusi. Nikawa nampaka mafuta ya mgando kila jioni, nikaongeza maranda, nikaziba banda kwa magunia upande wa upepo. Wakavuka kipupwe cha kwanza bila kufa hata mmoja. Nilijisifu sana kwa mtawa. Vifaranga wengine nikampa rafiki yangu aliyeolewa Ruanda, kule Mbozi, akafuge kwenye shamba lao la kahawa.

Mtu mmoja tu hakuwapenda. Baba mkwe wangu alikaa chumba chake peke yake nyuma ya banda, tangu mama mkwe afariki. Mume wangu, mwanawe, ni fundi wa malori kule mji wa Mpemba, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mzee. Na kwa mila zetu mkwe wa kike hamkaribii baba mkwe. Simshiki mkono, na chumbani kwake siingii. Chakula nilikuwa naweka juu ya kigoda nje ya mlango wake, nabisha, naondoka. Tulisalimiana kwa mbali. Akiniona nampaka jogoo mafuta husema, akiangalia pembeni, kwamba kuku anayelelewa kama mtoto mchanga alitakiwa abaki huko Ulaya.

Kwa hiyo asubuhi ile nilienda kumuuliza kama alisikia chochote. Nikasimama mbali kidogo na mlango, nikasema shikamoo. Kimya. Nikasema tena. Nikasogea, nikabisha. Kisha nikasikia, chini kabisa karibu na kizingiti, kuku akilia kwa sauti ndogo, kama aliyekabwa.

Sikuelewa. Nilidhani masikio yananidanganya. Nilijua sina ruhusa ya kuusukuma mlango ule, na mkono wangu ulikuwa umeshausukuma.

Hewa ya moto ilinipiga usoni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia na blanketi. Katikati ya chumba kulikuwa na jiko la mkaa, bado jekundu. Mzee alikuwa amelala chali sakafuni kando ya kitanda, na kuku wangu wamemzunguka, wengine kitandani, mmoja ubavuni mwake chini ya koti. Wote wamekufa. Vilemba vyao vilikuwa vyekundu kuliko nilivyowahi kuviona, vyekundu kama vya kuku mzima kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mitetea wawili tu, waliokuwa wamejibanza kwenye upenyo wa chini ya mlango, walikuwa wanatikisa vichwa.

Nilimshika mzee kwapani nikamburuta. Alikuwa mzito, na kichwa changu kilianza kuzunguka. Nilipomfikisha kwenye nyasi zenye barafu alikohoa, akatapika. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja, wakamfunga kwenye machela ya kitanda wakampeleka zahanati. Mimi nilifuata nyuma nikiwa pekupeku, bila kujua viatu nimeviacha wapi.

Mtawa alimwekea hewa ya oksijeni. Akanieleza kwamba moshi wa mkaa unaoua hauna harufu, na ndio unaofanya damu ing'ae kwa wekundu. Nilipomwambia habari za kuku, alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua miwani.

Mchana mzee alifumbua macho. Kwanza aliuliza jogoo yuko wapi. Nikamwambia amekufa. Akageuzia uso ukutani. Baadaye akaanza kusimulia, taratibu, na mimi nimesimama mlangoni kwa heshima ileile ya siku zote. Tangu kipupwe cha kwanza alikuwa akiwachukua kila usiku nikishalala, akiwarudisha kabla sijaamka. Siku zote aliacha dirisha wazi kidogo. Jana upepo ulizidi, akaziba.

Nilishika fremu ya mlango. Maranda yangu, magunia yangu, mafuta yangu, vyote nilivyojisifia! Kumbe kuku walikuwa wanalala kwa mzee aliyewasema vibaya kila jioni.

Nikamuuliza kwa nini, baba.

"Mama yenu alipoondoka, chumba kilikuwa kimya mno," alisema. "Wale walikuwa wanapumua."

Jioni walikuja wazee wawili wa ukoo, na kabla hawajaondoka mmoja alitaja, kwa adabu, kwamba mkwe ameingia chumbani na amemshika mzee, kwa hiyo itabidi litazamwe. Baba mkwe alijiinua kwa kiwiko.

"Angesubiri aje mwanaume, leo mngekuwa mnachimba kaburi. Hilo limeshatazamwa."

Halikutajwa tena.

Mume wangu aliporudi alibomoa banda, akalijenga upya limeegemea ukuta wa chumba cha baba yake, na kwenye ukuta akaacha matundu madogo ili mzee awasikie kuku. Jiko la mkaa haliingii tena ndani ya chumba chochote hapa kwetu. Wale mitetea wawili walipona, ingawa mmoja mpaka leo hutembea akipinda upande. Rafiki yangu wa Ruanda alituletea jogoo kijana kwenye tenga, na mzee akampokea yeye mwenyewe. Alimgeuza huku na huku, akakishika kilemba kwa vidole viwili, akasema hiki nacho kitasumbua. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaniomba yale mafuta ya mgando.