Postikadi Sita za Marko

Mzee Stefano alishuka mlima wa Vidunda kwa miguu, magoti yakimuuma, akapanda bodaboda hadi Kidodi, basi hadi Mikumi, kisha basi jingine hadi Kilosa. Umri wake ulikuwa miaka sabini na tisa. Katika mfuko wa koti alikuwa na postikadi sita zilizofungwa kwa uzi. Hazikuwa zake. Alikaa nazo miaka thelathini na sita, na safari hii alikuwa anampelekea mwenyewe, Angela, fundi cherehani wa mtaa wa Mabwerebwere, mjini humo.

Zilimfikia hivi. Stefano alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Siku hizo barua zote za kijiji zilipitia sanduku la posta la parokia, naye alizigawa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Utaratibu ulijulikana kwa kila mtu: barua yenye bahasha anapewa mwenyewe mkononi, karatasi isiyo na bahasha ni tangazo, inasomwa. Ndivyo zilivyosomwa habari za ndoa, za chanjo ya kuku, za mkutano wa kata.

Jumapili moja ikaja karatasi ngumu yenye picha ya twiga wa Mikumi. Stefano hakuwahi kuona postikadi. Aliinyanyua juu watu wamwone twiga, watoto wakacheka, kisha akaigeuza na kuanza kusoma kwa sauti ile ile ya masomo ya misa. Ilitoka kwa Marko, dobi katika hoteli ya watalii huko Mikumi, kwenda kwa mkewe.

"Angela mke wangu, nimesikia una mimba, na mimi sijafika nyumbani mwaka mzima. Nimelia, nimemaliza. Mtoto atakuwa wangu. Mtu mwingine asijue."

Alipofika kwenye kulia, Stefano alitambua anachokisoma. Angeweza kunyamaza. Lakini alizoea kwamba neno likishaanza kusomwa mbele ya waumini halikatwi, akalimaliza. Watu waliondoka bila kuagana. Angela aliondoka wa mwisho, na kadi hakuichukua.

Kosa hilo mtu anaweza kulielewa. Lililofuata halina utetezi. Wiki tatu baadaye ilikuja kadi ya pili, yenye picha ya viboko. Stefano hakuwa na uso wa kumtazama Angela. Akaiweka kwenye sanduku la nguo, akajiambia atampelekea kesho. Zikafuata nyingine nne, nazo zikaingia humo humo. Angela alijifungua mtoto wa kike, akahamia kwa shangazi yake Kilosa. Marko hakuonekana tena Vidunda. Alifia Mikumi, bila mke mwingine. Watu hupenda kuiita aibu unyenyekevu. Aibu inayomnyima mwenzako kilicho chake ni wizi, na Stefano, aliyewafundisha watoto amri kumi za Mungu, alijua hiyo ni amri ya ngapi.

Mabwerebwere alimkuta Generoza, yule mtoto, sasa mwanamke mzima, akikata vitambaa barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo. Kama umeleta suruali ya kupunguza, subiri wiki ijayo. Shule zinafungua, hapa hatupumui."

"Sina suruali."

"Basi wewe ndiye mteja mzuri. Kaa."

Angela alitoka ndani, tepu shingoni. Alimtazama mgeni kwa muda.

"Shikamoo katekista," alisema.

Stefano aliitikia kwa shida. Akazitoa kadi, akaziweka juu ya meza ya cherehani.

"Ni za Marko. Ya kwanza unaijua. Hizi tano sikukupa."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya zako au zangu?"

Angela alivuta kigoda, akaketi.

"Miaka yote hii najua Marko aliacha bahasha makusudi," alisema polepole. "Kwamba alitaka nisomwe. Bahasha zilikuwepo kila duka."

"Hakuwaza kwamba kadi ingesomwa, mama. Ameandika kwa nini alizituma."

"Nisomee."

"Macho yangu siku hizi..."

"Miwani hii hapa, vaa. Ulisoma mbele ya kanisa zima. Watu wawili wanakushinda?"

Generoza alishaijua habari ya kuzaliwa kwake tangu alipomaliza darasa la saba. Hata hivyo aliinuka aingie ndani.

"Kaa," mama yake alimwambia. "Na wewe umo."

Stefano akasoma. Kwenye ya viboko Marko aliuliza mbona kimya. Kwenye ya tatu aliandika: "Nakuchagulia picha nzuri. Wageni hapa huwatumia wake zao kadi hizi hizi, nami nikasema mke wangu naye apate." Kwenye ya nne: "Amezaliwa? Niandikie hata jina lake tu." Mkasi wa Generoza ulisimama. Ya tano ilikuwa na maneno machache, ya kuuliza afya. Ya sita: "Nikipata jibu nitakuja Krismasi. Nisipopata nimeelewa, sitakusumbua."

"Kwa hiyo alikaa akingoja," Angela alisema.

"Alingoja."

"Nami nikamlaani."

Stefano alivua miwani. "Nisamehe, mwanangu."

"Huko sijafika. Vidunda wanasemaje juu yangu?"

"Wanasema Marko alibadili nia, akakukana."

"Na wewe unawasikia."

"Nawasikia."

Angela alizifunga kadi kwa ule uzi, akamrudishia.

"Jumapili uzisome. Pale pale mlangoni, zote, kuanzia ya twiga."

"Mimi si katekista tena, mama. Na wengi waliosikia wamekufa."

"Waliobaki wanatosha. Generoza atakuja kuzichukua."

"Anywe chai kwanza?" Generoza aliuliza.

"Mpe. Mlima ni mrefu."

Mzigo aliokuja kuutua akarudi nao.

Jumapili katekista wa sasa alimpa nafasi baada ya matangazo. Vijana walisimama wakitazama simu. Wazee wa wakati ule walikuwa wanane, wameketi kwenye benchi la ukutani, na Generoza pembeni yao. Stefano alisoma zote sita, sauti ikimkatikatika. Alipomaliza alitaka kuketi, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka.

"Rudia hiyo ya mwisho, Stefano," bibi mmoja alimwambia. "Ile ya twiga mwaka ule tuliisikia vizuri kuliko hii."

Akarudia, kwa nguvu yote aliyobaki nayo, hadi watu wa barabarani wakageuka. Bibi yule alitikisa kichwa, akajifunika khanga usoni.

Generoza alisogea, akapokea kadi kwa mikono miwili. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, akazitia zote, akailamba ukingoni na kuifunga.