Kuinuka Ni Kosa

Mguu wangu wa kushoto ulibaki vitani Somalia. Niliporudi nyumbani Mutakura, mke wangu alikuwa na neno moja kila asubuhi, kabla hata ya chai: "Simama." Alinishika kiunoni, tukaenda hadi mlangoni, baadaye hadi barabarani. Mwaka mzima nilijifunza kusimama.

Ndiyo maana nilipojiunga na timu ya voliboli ya kukaa, mchezo ulinichanganya. Wachezaji huvua miguu ya bandia, huipanga ukutani kama viatu nje ya msikiti, kisha huketi sakafuni. Wavu hufungwa juu kidogo ya vichwa. Ukipiga mpira, makalio yasiache sakafu. Yangu yaliiacha kila mara, nami sikujua.

Kocha wetu, fundi wa pikipiki wa Buyenzi aliyekatwa mguu utotoni, alinitandikia tambara lake la kufutia mafuta chini ya makalio, akaketi nyuma yangu na kushika ncha ya tambara, alivute pindi nikiinuka.

"Umeinuka."

"Apana, kocha. Sijainuka."

"We afande, tambara iko mukononi mwangu. Imetoka wapi?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilihisi kisigino cha kushoto kikisukuma sakafu, kisigino ambacho sina.

Jumamosi moja ilibaki nafasi moja ya mechi ya kesho yake. Niliitaka. Tangu nirudi, hakukuwa na orodha yoyote mjini yenye jina langu. Kocha akasema nitapigiwa mipira mitano. Tambara likitoka hata mara moja, benchi.

Siku hiyo mke wangu alikuja kutazama kwa mara ya kwanza. Alikaa karibu na ile miguu ukutani, kikapu chake cha ndagala, wale dagaa wa ziwani, mapajani.

Mpira wa kwanza, tambara halikutoka. Wa pili, wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Wa tano ulikuja juu mno.

"Simama, baba wa batoto! Simama!"

Nikainuka.

Kocha alipeperusha tambara kama bendera. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, we uko timu gani?" kocha akamuuliza.

Mke wangu alijiziba mdomo kwa kitenge. "Mi nilizoea tu," alisema.

Jumapili nilikaa benchi, yeye kando yangu. Nilijaribu kumkasirikia, nikashindwa. Nilijaribu kuikasirikia sheria, nikaona ni ya haki. Labda ningeinuka hata angenyamaza. Mpaka leo sijui.

Jumatatu asubuhi alikuja kitandani kama kawaida, akanishika kiunoni, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sasa leo niseme nini?"

Nilimshika bega, tukaenda mlangoni bila lile neno.