Mti Mmoja wa Tenduet Uliobaki

Chepchumba alipofuka akiwa na miaka sitini na moja. Presha ya macho ilimla polepole, naye akadhani ni uzee tu, hadi daktari mjini Kericho alipomwambia kwamba kilichopotea hakirudi. Akarudi nyumbani karibu na Kiptere, akaacha kuchuma majani chai, akaanza kulijua boma lake upya kwa mikono na miguu.

Elimu moja haikumtoka. Tangu akiwa msichana, shangazi yake alimfundisha miti: upi hutoa mkaa wa kusafishia vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa, upi hupendwa na nyuki, upi hushika maji ukingoni mwa mto. Alimfundisha na masharti yake. Gome hutolewa upande mmoja tu, upana wa kiganja, kisha kidonda hupakwa matope. Mti uliotolewa gome mwaka huu huachwa miaka mitatu bila kuguswa.

Chemchemi ya kijiji ilipoanza kukauka kila Januari, akina mama wa chama walikubaliana kung'oa mikaratusi iliyoizunguka na kupanda miti ya asili. Nelvine, jirani wa Chepchumba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kipkurui, mwenye kitalu cha miche, alileta miche mia tatu ya tenduet, mti ambao gome lake ni dawa, na mingine ya emitiot, ule mzeituni wa porini. Chepchumba aliitwa aombe kabla ya kazi kuanza.

Alipomaliza kuomba alisema, "Nipeni mche mmoja wa tenduet nishike."

Alichuma jani, akalisugua kati ya vidole, akanusa. Akanusa tena.

"Huu siyo tenduet. Jani la tenduet ukilisugua, harufu yake chungu inapanda puani. Hili halinuki kitu."

Akapewa na mche wa emitiot. Akaupapasa majani, akasema huo nao siyo wenyewe.

Kipkurui alikasirika, ila alijizuia. "Kogo, nyanya yangu, kwa heshima, wewe huoni. Mbegu za tenduet nilinunua kwa mtu ninayemjua."

"Sijasema wewe ni mwongo," Chepchumba akamjibu. "Nimesema mti siyo huo."

Siku hiyo hawakupanda. Wiki iliyofuata Kipkurui alileta tawi la mzeituni mkubwa alikotoa mbegu zake, na chipukizi changa lililoota chini yake. Chepchumba alivishika vyote kwa muda mrefu. Kwenye emitiot alikuwa amekosea. Majani ya mche mchanga yalimdanganya. Akaomba msamaha mbele ya chama chote. Wengine wakasema basi maneno yake yote yaachwe, na ile mia tatu ipandwe.

"Mimi nimemwamini zaidi leo," Nelvine akasema. "Kogo, tenduet ya kweli tutaipata wapi?"

Chepchumba akasema, "Kwa Bethwel. Kama bado iko."

Kila mtu alijua maana ya jibu hilo. Miaka kumi na tisa iliyopita mfanyabiashara alipita akinunua magome ya tenduet kwa gunia. Bethwel, wakati huo kijana, aliambua miti mitatu ya baba yake iliyokuwa kando ya kijito, akatoa gome kuzunguka shina lote. Chepchumba alisimama pale akampigia kelele hadi sauti ikamkauka. Tangu hapo hawakusalimiana, hata mlangoni pa kanisa.

Kesho yake asubuhi Nelvine alimshika mkono wakateremka hadi kwa Bethwel. Walimkuta akikata nyasi za ng'ombe.

"Chamgei, Bethwel," Chepchumba alitangulia kumsalimu.

Bethwel aliweka panga chini. "Chamgei, Kogo." Akaongeza, "Umekuja kuhusu ile miti."

"Nimekuja kuomba mbegu. Uko hata mmoja?"

Aliwaongoza hadi kijitoni, akauchukua mkono wa Chepchumba na kuuweka juu ya shina. Vidole vyake vilikuta kovu pana, limevimba kingo, na katikati gome jipya lililojifunga vibaya vibaya.

"Siku ile ulinifokea hapa," Bethwel akasema. "Ulisema hata matope sikupaka. Uliondoka, nikapaka. Huu mmoja tu; kwa ile mingine niliona aibu, watu walikuwa wanapita. Ilikauka."

Chepchumba hakuuondoa mkono wake. "Mimi niliendelea kukuchukia miaka hii yote," akasema, "na sikurudi hata siku moja kuangalia."

Chini ya mti matunda meusi yalikuwa yameanguka. Mengine ndege walikuwa wamekwisha kuyamenya. Chepchumba alipiga magoti akawaonyesha la kufanya. Nyama ya tunda ioshwe siku hiyo hiyo, mbegu isianikwe juani, ipandwe kabla ya wiki kwisha, na udongo uchotwe pale pale chini ya mti mama. Bethwel alileta debe akachota.

Walipanda mbegu mia mbili na arobaini. Zilizoota ni tisini na moja, na panya wakala kumi. Kipkurui alikuja kutazama miche hiyo, akavunja jani mwenyewe, akanusa, akaondoka. Siku mbili baadaye alirudi na nyavu za kivuli kwa ajili ya kitalu.

Mvua za Aprili zilipokuja, miche themanini na moja ilipandwa kuzunguka chemchemi. Sasa inafika magotini. Maji bado hupungua Januari, na Chepchumba huwaambia wanaouliza kwamba huenda yeye asiyakute yakijaa. Jumamosi mchana huketi na akina mama na rundo la matawi, wakifunga macho mmoja mmoja kusoma majani kwa pua. Bethwel ndiye humletea matawi hayo, na mara nyingi hubaki kwa chai.