Vijiti vya Kaboni

Mwalimu mgeni alifika na begi mgongoni, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu, akaelekezwa moja kwa moja maabara. Baada ya nusu saa angefundisha mbele ya mkuu wa shule, na chupa mbili za unga mweupe, moja ya chumvi na moja ya sukari, zilikuwa zimebanduka lebo. Alikoroga kila unga kwenye maji yake, akachovya vijiti vya kaboni vilivyoungwa kwa betri na kijitaa kwenye myeyusho wa kwanza, kijitaa kikawaka. Akavichovya kwenye wa pili, kikawaka pia, ingawa kinyonge. Akapeleka kidole chupani ili aonje.

"Weee, baba!" alisema mtunza maabara bila kugeuka. "Humu ndani ulimi ni wa kusemea tu."

Alikuwa mama mnene, vidole vimebabuka kwa tindikali, na kila alichokishika alikisuuza mara tatu akihesabu chini kwa chini, hata kikombe chake cha chai. Alivitwaa vijiti, akavimwagia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe ya chumvi: moja, mbili, tatu.

"Umebeba chumvi kwa vijiti ukaipeleka kwenye sukari, ambayo peke yake haipitishi umeme. Ni chembe tu, lakini umeme haungoji kubembelezwa."

Akakoroga upya unga wa ile chupa ya pili, akavichovya. Kijitaa hakikuwaka hata kidogo. Mwalimu akashusha pumzi.

"Na wanafunzi wakikosea kama mimi, mama?"

"Waache wakosee, kisha waulize kwa nini. Hapo ndipo somo linapoanza."

Mama akatundika koti, akachukua mkoba, akaenda zake. Mlangoni wanafunzi walishaanza kusukumana. Mwalimu akavirudisha vijiti kwenye myeyusho wa chumvi, akaviweka mezani bila kuvisuuza, akawakaribisha ndani.